Nyumba iliyopimwa kwa mikono ya mama

Vua viatu, msomaji, kabla hujakanyaga ngazi ya kwanza. Hapa ni Melaka, mji wa bandari ulioko magharibi mwa rasi ya Malaysia, na nyumba unayoingia si ofisi ya serikali wala duka la vinyago. Ni nyumba ya watu. Zamani, chini ya ngazi ya nyumba ya Kimalei paliwekwa mtungi wa maji na kata ya kifuu cha nazi, ili mgeni anawe miguu kwanza ndipo apande. Naam, kata ile ile waliyoijua bibi zetu wa Pwani, yenye mpini wa kijiti.

Nyumba yenyewe inaitwa Villa Sentosa. Neno "sentosa" kwa Kimalei ni utulivu. Ilijengwa katika miaka ya 1920 ndani ya Kampung Morten, kijiji kilichojikunja kwenye kona ya Mto Melaka na kupewa jina la afisa wa ardhi wa serikali ya kikoloni ya Kiingereza. Mji umekizunguka kijiji hiki kila upande, na majumba ya ghorofa yanakichungulia kama watu warefu wanaotazama mchezo wa watoto. Ukiwa ng'ambo ya mto huwezi kuamini kwamba katikati ya saruji yote ile kuna watu wanaoanika nguo zao mbele ya nyumba za mbao na kumwagilia maua kwenye makopo.

Wahenga wetu walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Basi na tuingie.

Makumbusho mengi uliyozoea yana mlinzi mwenye sare anayekutazama kana kwamba umekuja kuiba. Hapa sivyo. Kwa miaka mingi wageni wa Villa Sentosa wamekuwa wakipokewa na mtu wa familia yenyewe, au rafiki wa siku nyingi wa familia, ambaye huwatembeza chumba hadi chumba akieleza kwamba hiki kilikuwa kitanda cha fulani, na yule pale kwenye picha ni fulani. Mwenye nyumba alikuwa marehemu Tuan Haji Hashim Abdul Ghani. Ukutani kuna hati ya heshima aliyotunukiwa na Mfalme George wa Tano wa Uingereza, na humo humo ndani kuna msahafu wa zaidi ya miaka mia moja na vyombo vya kauri vya Kichina vya enzi ya Ming. Vitu ambavyo kwingine vingefungiwa kwenye sanduku la kioo chenye kengele ya wezi, hapa vimekaa karibu na viti vya kupumzikia.

Lakini mimi nakuomba usizame sana katika vyombo vya Ming. Kauri za Kichina hata Gede zilichimbuliwa, na ukienda Fort Jesus utaziona. Kitu cha kutazama hapa ni nyumba yenyewe.

Nyumba ya Kimalei husimama juu ya nguzo. Sababu haihitaji profesa. Mvua za huko ni za kumwaga, mito hufurika, na ardhi yenye unyevu huleta nyoka, wadudu na homa. Ukiinua nyumba, maji hupita chini na upepo nao hupita chini. Uvungu ule haupotei bure pia. Ndipo panapohifadhiwa kuni, nyavu na baiskeli, kuku wakajitafutia kivuli, na watoto wakacheza mvua inaponyesha. Kwenye nyumba za Melaka kuna urembo mmoja utakaoutambua mara moja. Ngazi ya mbele hujengwa kwa saruji, ikapinda kwa madaha na kupambwa kwa vigae vya rangi, ilhali nyumba nzima juu yake ni mbao. Ni kama mtu aliyevaa kanzu ya kawaida na viatu vya harusi.

Ukishapanda unafikia baraza, wanayoiita "serambi". Hapa ndipo mgeni wa kiume alipoketishwa. Wanaume walizungumza hapa, walisoma Korani hapa, waliposa hapa. Madirisha hushuka mpaka karibu na sakafu, kwa sababu watu waliketi chini kwenye mikeka, na upepo unaopita juu ya kichwa cha mtu aliyeketi haumfai kitu. Juu ya madirisha na milango kuna mbao zilizotobolewa kwa nakshi za majani na maua. Usidhani ni mapambo tu. Kupitia matundu yale joto hutoka na mwanga huingia ukiwa umepunguzwa ukali. Fundi aliyekata nakshi hizo alikuwa akifanya kazi mbili kwa msumeno mmoja.

Kutoka serambi unapanda kidogo, maana sakafu ya chumba kinachofuata huwa juu zaidi. Hapo umeingia moyoni mwa nyumba, na Wamalei wanapaita "rumah ibu", yaani nyumba ya mama.

Tusimame hapa, msomaji, hasa wewe uliyezoea kusikia kwamba nyumba ni ya baba.

Katika desturi za zamani za kujenga, fundi wa Kimalei hakuja na futi ya chuma. Alipima kwa mwili wa binadamu. Kipimo kikuu kiliitwa "depa", ambao ni urefu kutoka ncha ya kidole cha mkono mmoja hadi ncha ya kidole cha mkono wa pili, mikono ikinyooshwa. Wazee wa Pwani wanakijua kipimo hicho kwa jina la pima, na ndicho walichopimia kamba na kina cha bahari. Sasa sikiliza. Kwa rumah ibu, mikono iliyopimwa ilikuwa ya mke. Mama wa nyumba alisimama akanyoosha mikono yake, na kwa urefu huo fundi akakata mbao. Mwanamke mfupi alipata nyumba inayolingana naye, na mrefu hali kadhalika. Chumba kikuu cha familia kilikuwa, kwa maana halisi kabisa, kukumbatia kwake kulikogeuzwa mbao.

Nguzo ya kwanza kusimamishwa iliitwa "tiang seri", nayo ilikuwa na heshima zake. Vitambaa vya rangi vilifungwa juu yake na sarafu kuwekwa chini kabla haijatiwa mahali pake, na dua zikasomwa. Kisha nyumba ikaunganishwa bila misumari kwa sehemu kubwa. Ncha ya ubao huchongwa kama ulimi, ikaingizwa katika tundu la ubao mwingine, ikakazwa kwa kabari. Mti uliopendwa ni chengal, mgumu mno, ambao mchwa huushindwa.

Kutokuwa na misumari kulileta faida nyingine ambayo wajenzi wetu wa leo hawawezi kuiota. Nyumba iliweza kufunguliwa kipande kwa kipande, ikapelekwa kwingine na kuunganishwa upya. Nyingine hazikufunguliwa hata kidogo. Wanaume wa kijiji walikusanyika, wakaweka mabega chini ya mihimili na kuihamisha nyumba nzima kwa miguu. Aidha, nyumba iliweza kukua. Maharusi walianza na rumah ibu na jiko dogo. Mtoto wa tatu alipozaliwa, au mazao yalipokuwa mema, wakaongeza baraza, wakaongeza ukumbi, wakalisogeza jiko nyuma. Ukijua kuisoma nyumba ya Kimalei unaweza kuona miaka mizuri ya familia ilikuwa ipi.

Jikoni ni nyuma kabisa, na sakafu yake huwa chini kuliko ya rumah ibu. Huku ndiko wanawake walikopokea wageni wao, na kila mwenye akili anajua kwamba mazungumzo ya maana yalikuwa huku. Tazama sakafuni. Kile kigoda chenye ulimi wa chuma wenye meno ni nini? Ukikaa juu yake na kushika nusu ya nazi, mikono yako itajua la kufanya. Ni mbuzi! Wamalei wanamwita "kukur". Jina limebadilika lakini kazi ni moja, na tui linalotoka linakwenda kwenye wali wao kama linavyokwenda kwenye wali wetu.

Kuna kisanduku kingine kitakachomchekesha mtu wa Mombasa au Lamu. Ndani yake mna vikopo vidogo, kimoja cha chokaa, kimoja cha popoo, na nafasi ya majani ya tambuu, pamoja na mkasi wa kukatia popoo. Wamalei waliliheshimu tambuu hata likaingia katika lugha ya ndoa. Popoo wanaiita "pinang", na kuposa kwao ni "meminang". Kwa hiyo kijana anayesema anakwenda kuposa, kwa maneno yake anasema anakwenda kupeleka popoo, hata kama siku hizi anapeleka simu ya mkononi.

Na bao je? Lipo. Linaitwa "congkak", na c hiyo husomwa ch. Ubao wake huchongwa kama mashua, una mashimo saba kila upande na shimo kubwa kila ncha. Bao letu lina mashimo 32 na hesabu zake ni nzito zaidi, nasema hivyo bila upendeleo. Lakini lile shimo kubwa la congkak linaitwa "rumah", yaani nyumba, na sisi pia tuna shimo liitwalo nyumba. Michezo hiyo miwili ni ya ukoo mmoja, na ukoo huo ulisafiri baharini.

Hakuna muujiza hapo. Pepo za kaskazi na kusi zimekuwa zikizisukuma jahazi katika Bahari ya Hindi kwa karne nyingi, na Melaka ilikuwa mojawapo ya bandari kuu za bahari hiyo. Walikuja Waarabu, Wahindi na Wachina. Walikuja pia Wareno, ambao waliushambulia Mombasa mwaka 1505 na kuuteka Melaka mwaka 1511. Wakajenga ngome huko kama walivyokuja kujenga Fort Jesus kuanzia mwaka 1593, na lango moja la ngome ya Melaka limesimama mpaka leo. Waholanzi waliwang'oa mwaka 1641. Wareno wakaenda zao, maneno yao yakabaki. Mmalei anaita meza "meja" na bendera anaiita "bendera". Ongeza na yale ya Kiarabu: habari ni "khabar", sabuni ni "sabun", karatasi ni "kertas". Mswahili anayetembea ndani ya nyumba ile atatafsiriwa mambo mengi asiyohitaji kutafsiriwa.

Kisha utaonyeshwa chumba cha harusi, nacho ndicho wageni wengi hupiga picha. Maharusi wa Kimalei huketishwa kwenye jukwaa lililopambwa, bwana na bibi bega kwa bega, wote wamevaa nguo iliyofumwa kwa nyuzi za dhahabu iitwayo "songket", na huitwa wafalme wa siku moja. Bibi harusi hutiwa hina mikononi. Mito imedariziwa, mapazia yamedariziwa, hata mashuka yamedariziwa. Najua wapo watakaosema ni mzigo wa gharama. Wengi wa waliodarizi mito ile hawakuandikwa majina popote, na macho yao yaliumia kwenye taa za mafuta, kwa hiyo angalau tuitazame kwa dakika mbili.

Sasa nikuhamishe, twende Kuala Lumpur, kwenye nyumba ya pili. Hii ilikuwa ya mkuu wa kijiji, penghulu, aliyeitwa Abu Seman. Ilijengwa kwa vipande kati ya mwaka 1910 na mwanzoni mwa miaka ya 1930 huko Kedah, kaskazini mwa nchi. Baadaye ikaachwa. Paa likavuja, mbao zikaoza, majani yakaingia ndani. Katikati ya miaka ya 1990 shirika la urithi la Badan Warisan Malaysia liliinunua, likaifungua kipande kwa kipande, likaisafirisha mpaka Jalan Stonor katika jiji kuu na kuisimamisha tena. Mafundi walitafuta mbao za kujazia zilizooza na kuchonga upya nakshi zilizovunjika. Ilikuwa kazi ya kusifiwa sana, na wanafunzi wengi wa ujenzi wamejifunzia hapo.

Walakini, linganisha nyumba hizi mbili. Ya penghulu iliokolewa kwa kunyang'anywa mazingira yake. Ilikosa minazi yake, jirani zake, na kilio cha mtoto jikoni. Villa Sentosa ilibaki na vyote hivyo, ila familia ikalipa kwa njia nyingine. Fikiria maisha ya kuishi katika nyumba ambamo mgeni kutoka Ulaya anaweza kugonga hodi ukiwa mezani. Chumba alicholala mama yako kinageuka mahali pa watu kupigia picha. Nani kati yetu angekubali? Naye msimulizi hueleza habari za marehemu wake mara ngapi kwa siku, kwa sauti ile ile na tabasamu lile lile? Mimi naona kwamba bei hii ni kubwa kuliko ya mbao na vigae, na hakuna anayeiandika kwenye hesabu.

Kwa nini basi walipe? Kwa sababu njia ya tatu ni kuuza.

Karibu na minara pacha ya Petronas, yenye urefu wa mita 452, kuna mtaa wa nyumba za Kimalei uitwao Kampung Baru. Waingereza waliutenga mwaka 1900 ili Wamalei waendelee na maisha ya kijiji ndani ya mji. Wazee wa kwanza walikufa, warithi wakagawana kwa sheria ya Kiislamu, nao wakafa, wajukuu wakagawana tena. Kiwanja cha mtu mmoja kikawa na wenyewe kumi, kingine na wenyewe makumi. Mmoja anataka kuuza, mwingine yuko ng'ambo, wa tatu anasema bibi yake alizikwa akiomba nyumba isiguswe. Mwaka 2019 serikali ilitaja bei ya ringgit 850 kwa futi moja ya mraba, kisha ikapandisha hadi 1,000. Ubishi ukazidi. Wakati watu wanabishana, mchwa hawabishani.

Huko Negeri Sembilan, jirani wa Melaka, mila iitwayo "adat perpatih" ilijaribu kulitatua jambo hili mapema. Nyumba ya ukoo na ardhi yake humfuata binti, na mume ndiye anayehamia kwa mke. Kabla hujashangaa, msomaji wangu wa kiume, waulize watu wa Lamu. Familia za kale za mawe huko zilikuwa na desturi ya kumpa binti nyumba anapoolewa, na bwana harusi akaingia humo na mkoba wake. Nyumba ya Uswahilini iliyofanywa makumbusho mjini Lamu, ile ya karne ya 18 yenye zidaka ukutani na boriti za mikoko darini, ni ya ulimwengu huo. Ukiizuru, muulize mwongozaji nyumba ilikuwa ya nani. Hatakutajia sultani.

Na sisi wa bara? Tumehifadhi nyumba ya Karen Blixen, iliyofunguliwa kuwa makumbusho mwaka 1986, na ni jambo jema. Bomas of Kenya zilijengwa nyumba za mfano za makabila katika miaka ya 1970, lakini katika nyumba hizo hakuna mtu aliyezaliwa wala aliyeugua. Nyumba halisi ya familia ya kawaida, ya mwalimu wa shule ya msingi wa mwaka 1950 au ya karani wa reli, yenye redio yake, picha zake na kitanda chake cha chuma, iko wapi? Zipo, lakini zinabomolewa kila Desemba wana wanaporudi mashambani na pesa za vigae. Bibi anahamishiwa jumba jipya lenye sakafu inayoteleza, analisifu kwa adabu, kisha unamkuta ameketi nje.

Ukipata nafasi ya kwenda, Melaka iko mwendo wa kama saa mbili kwa basi kutoka Kuala Lumpur. Mji wake wa kale uliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008, pamoja na George Town, kwa hiyo utakuta wageni tele. Kampung Morten unaifikia kwa kutembea kando ya mto. Vaa kwa heshima, usiende saa ya swala ya Ijumaa, na omba ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha. Villa Sentosa haikujengwa juu ya tikiti. Wageni wamezoea kutoa wanachojaliwa, basi usijifanye umesahau pochi. Kabla ya kutoka utaonyeshwa gongo kubwa la shaba na kuambiwa uligonge kwa ajili ya baraka. Ligonge taratibu. Kuna watu wanaishi pale.